Kulala porini sikukuu na marafiki na mbwa: mambo ya kujua kabla ya kufunga mizigo

Kila sikukuu inapoangukia karibu na wikiendi, vijana wa Laela na vijiji vya jirani huanza kupanga. Zamani mipango hiyo ilikuwa ni kwenda mjini Sumbawanga, kuangalia mpira, au kurudi kwa wazazi kijijini. Siku hizi limeongezeka jambo jingine: marafiki wanne au watano wanachanga fedha, wanaazima hema, wanabeba unga, maharage na sufuria, wanaenda kulala porini usiku mmoja au miwili. Na mara nyingi kuna mmoja atakayesema, "Mimi namchukua na mbwa wangu."

Ni wazo zuri. Mbwa ni mlinzi, ni rafiki, na usiku husikia kitu kabla ya mtu yeyote. Lakini mbwa huyo huyo hubadilisha safari nzima. Yeye ndiye anayeamua mnaweza kulala wapi na hamwezi kulala wapi, mnapanda gari gani, na maandalizi yanaanza lini. Katika makala hii tunaeleza hatua kwa hatua, kwa kuangalia mazingira yetu ya Ufipa, Bonde la Rukwa na Ziwa Tanganyika. Ili tuelewane, tuseme mko watano, na mbwa wenu anaitwa Simba, jina ambalo nusu ya mbwa wa Tanzania wanalo.

Kulala porini si jambo geni kwetu

Wapo wazee watakaouliza, "Mnaenda kulala porini kutafuta nini?" Swali lao lina maana. Kwetu kulala nje kumekuwa ni kazi. Wavuvi wa Ziwa Rukwa hulala kambini. Wafugaji hulala na ng'ombe. Wanaolinda mahindi dhidi ya nguruwe pori na nyani hulala kwenye vibanda shambani. Kulala nje kwa ajili ya mapumziko ndiko kuliko kupya.

Lakini jirani na mkoa wetu kuna mahali ambapo binadamu amekaa tangu zamani sana. Jirani na Maporomoko ya Kalambo, upande wa Zambia, watafiti walichimbua magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa kwa makusudi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023: magogo hayo yana umri wa angalau miaka 476,000. Ni kazi ya mikono ya watu wa kale sana, na ni ushahidi wa zamani zaidi unaojulikana wa watu kujenga kitu kwa mbao. Watu hao hawakuwa na mbwa. Mbwa alianza kuishi na binadamu muda mrefu baadaye, yapata miaka 15,000 iliyopita au zaidi kidogo. Kwa hiyo tatizo la "tumpeleke wapi Simba" wao hawakuwa nalo. Sisi tunalo.

Sikukuu ipi inafaa?

Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Krismasi na Mwaka Mpya huangukia katikati ya mvua. Pasaka ina siku nne za mapumziko, kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, lakini mara nyingi mvua bado haijakata, barabara za udongo ni tope na mito imejaa. Anayetaka kulala kwenye hema bila kulowa afikirie Saba Saba, tarehe 7 Julai, au Nane Nane, tarehe 8 Agosti. Hapo mbingu ni kavu. Kitu kimoja tu kinauma: baridi. Tutaizungumzia.

Mahali pa kulala: mwanzeni na mbwa

Watu wengi huchagua mahali kwanza, kisha wanakumbuka mbwa. Fanyeni kinyume chake. Kama Simba anakwenda, sehemu fulani zinaondoka kwenye orodha tangu mwanzo.

*Hifadhi za taifa.* Katavi iko njiani ukienda Mpanda, na wengi hutamani kuona viboko wake. Lakini katika hifadhi za taifa za Tanzania hairuhusiwi kuingia na mbwa. Haijalishi amefungwa kamba, haijalishi yuko ndani ya gari. Mkifika getini naye mtarudishwa, na siku yenu ya mapumziko itakuwa imekwisha.

*Mapori ya akiba.* Kando ya Ziwa Rukwa kuna Pori la Akiba Uwanda. Huko ni hatari zaidi kufika na mbwa kiholela, kwa sababu moja: mbwa porini huonekana kama chombo cha uwindaji. Sheria ya kuhifadhi wanyamapori inakataza kuwinda kwa kutumia mbwa. Askari wa wanyamapori akikutana na vijana watano, panga la kukatia kuni na mbwa mmoja, hawezi kujua kwamba mmekuja kupunga upepo. Mtaeleza, lakini mtaeleza mkiwa mmekaa chini.

*Hifadhi za misitu.* Msitu wa Mbizi juu ya Sumbawanga na eneo la Maporomoko ya Kalambo ni hifadhi za mazingira asilia zinazosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kuingia kuna utaratibu na ada, na kulala ndani kunahitaji kibali. Kuhusu mbwa, msikisie. Fikeni ofisi ya TFS kabla ya safari, ulizeni, na mkiruhusiwa ombeni ruhusa hiyo iwe kwenye karatasi. Mkiambiwa hapana, ni hapana.

*Ardhi ya kijiji.* Hapa ndipo penye nafasi kubwa kwa wenye mbwa. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji. Maana yake ni kwamba hakuna "pori lisilo na mwenyewe". Hata kichaka mnachokiona kitupu kina watu wanaokifahamu. Fikeni kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji mchana, si saa mbili usiku. Mwamkieni, jitambulisheni, semeni mko wangapi, mtalala siku ngapi, na kwamba mna mbwa aliyechanjwa. Onyesheni kadi yake. Mara nyingi mtaonyeshwa mahali pazuri kuliko mlipokuwa mmepapanga, na usiku sungusungu wakiona moto wenu watajua ni akina nani.

Kwa anayetaka kuona Kalambo bila kumwacha Simba nyumbani, ipo njia ya katikati. Kutoka Laela hadi Sumbawanga ni lami, kilomita 95 hivi. Kutoka Sumbawanga mnafuata barabara ya Matai iendayo Kasanga, kisha mnaiacha na kuelekea upande wa maporomoko. Ombeni mahali pa kulala kwenye kijiji cha karibu, nje ya hifadhi. Asubuhi watatu wanakwenda kuangalia maji, wawili wanabaki kambini na mbwa. Mchana mnabadilishana. Hakuna atakayekosa, na hakuna atakayevunja utaratibu.

Hata kama siku moja mtaruhusiwa kufika naye, kumbukeni kwamba maji ya Kalambo huanguka zaidi ya mita 220 kwa mkupuo mmoja, na korongo lake lina kingo za mawe matupu. Mbwa akimwona pimbi au nyani hafikirii ukingo uko wapi. Atakayemkimbilia pia hatafikiria. Na mto huo ndio mpaka wetu na Zambia: ng'ambo ni nchi nyingine, na mbwa kuvuka mpaka ana karatasi zake za mifugo.

Kwa nini hifadhi zinamkataa mbwa?

Wengi hudhani ni kwa sababu mbwa atabweka na kuwafukuza wanyama. Hiyo ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni magonjwa.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kufa kwa wingi. Walikuwa wakitetemeka, wakianguka na kupata degedege. Ilibainika kuwa ni ugonjwa wa virusi uitwao distempa, ugonjwa ambao kwa kawaida ni wa mbwa. Katika muda mfupi karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa, yaani takribani simba 1,000. Watafiti waliufuatilia ugonjwa huo hadi kwa mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Miaka michache kabla yake, mwaka 1991, makundi ya mbwa mwitu waliokuwa wakifuatiliwa na watafiti huko Serengeti yalikuwa yametoweka, na kichaa cha mbwa ni moja ya sababu zilizotajwa. Baada ya hapo zikaanza kampeni za kuchanja mbwa katika vijiji vya kuzunguka hifadhi.

Hao hawakuwa mbwa wabaya. Walikuwa mbwa wa kawaida wa nyumbani, kama Simba wenu. Ndiyo maana askari wa getini hapimi tabia ya mbwa. Anazuia kitu asichoweza kukiona kwa macho.

Kichaa cha mbwa: hapa ndipo penye maisha ya watu

Sasa tuje kwenye jambo ambalo tungependa kila msikilizaji alishike hata kama atasahau mengine yote.

Kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wengi wao Afrika na Asia. Kwa Tanzania makadirio ya wataalamu yamekuwa watu wapatao 1,500 kwa mwaka. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Na kati ya kila waathirika 10 duniani, takribani wanne ni watoto wa chini ya miaka 15, kwa sababu watoto ndio wanaocheza na mbwa.

Ugonjwa huu una sura mbili zinazopingana. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla dalili hazijaanza, unazuilika kwa chanjo. Kati ya kuumwa na kuanza kwa dalili kwa kawaida hupita miezi miwili au mitatu, wakati mwingine wiki moja tu, wakati mwingine hata mwaka. Huo ndio muda ambao mtu anaweza kuokolewa, na ndio muda ambao watu wengi huupoteza wakisema, "Kidonda kimeshakauka."

Safari ya kulala porini inaleta hatari hii karibu kwa njia rahisi sana. Mnaingia kijiji cha watu na mbwa mgeni. Mbwa wa pale wanakuja kumkabili. Wanapigana. Mmoja wenu anaingilia kuwaachanisha, anang'atwa mkono. Hamjui mbwa yule ni wa nani, hamjui kama amechanjwa. Mnafunga kitambaa, mnaendelea kupika.

Au Simba mwenyewe anang'atwa usiku na mbweha au mbwa asiyejulikana, anarudi nyumbani akiwa mzima. Wiki kadhaa baadaye anabadilika, na watoto wa nyumba nzima wamekuwa wakimshika.

Kwamba safari ya mbwa inaweza kubeba ugonjwa si nadharia. Kisiwani Pemba chanjo ya mbwa ilikuwa imeumaliza kabisa ugonjwa huu kufikia mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, ukasambaa, na ikabidi kampeni ya chanjo irudiwe hadi ukaisha tena. Kisiwa kimezungukwa na bahari, na bado ugonjwa ulivuka. Sisi huku tumezungukwa na barabara.

Chanjo: hesabuni mwezi mmoja nyuma

Mbwa huchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: mbwa anayechanjwa leo hajawa salama kesho. Mwili wake unahitaji wiki tatu hadi nne kujenga kinga. Kumchanja Simba Ijumaa ili msafiri Jumamosi ni sawa na kupanda mahindi leo na kuweka sufuria jikoni kesho. Kama mnalenga Nane Nane, Simba awe amechanjwa mwanzoni mwa Julai.

Muoneni bwana mifugo wa kata yenu. Ombeni kadi ya chanjo yenye tarehe, na muipige picha kwa simu ili mkiipoteza mbaki na nakala. Muulizeni pia maswali mawili. Je, huko tuendako kuna zuio lolote la kusafirisha mbwa kwa sasa? Panapotokea mlipuko, wataalamu huweza kuzuia mbwa wasitembezwe. Na je, kuna siku ya chanjo ya pamoja karibuni? Karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mara nyingi huwa na kampeni. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa kila mara katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Mtu aking'atwa au kukwaruzwa

Fanyeni hivi, kwa mpangilio huu:

1. Osheni jeraha hapo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Tazameni saa ya simu, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko mnavyodhani. Sabuni huua virusi, na hatua hii peke yake hupunguza sana hatari. Ndiyo maana kipande cha sabuni na dumu la maji si vitu vya kusahau nyumbani.
2. Pakeni spiriti au dawa ya ayodini kama mnayo. Msipake pilipili, mkaa, majani wala maji ya betri.
3. Nendeni kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyo hiyo. Chanjo haipatikani kila zahanati, kwa hiyo pigeni simu kwanza au ulizeni muelekezwe kituo cha afya au hospitali yenye chanjo.
4. Malizeni sindano zote kwa tarehe mtakazopewa. Ya kwanza peke yake haitoshi.
5. Kama mbwa anajulikana, msimuue na kumzika kwa hasira. Mwenyewe amfunge, na bwana mifugo amwangalie kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma. Lakini mtu asisubiri siku 10 ndipo aende hospitali. Aanze matibabu mara moja.

Jihadharini pia na mbwa anayetokwa na mate mengi na kushindwa kumeza. Si kila mwenye kichaa hukimbia huku na huko aking'ata. Wengine hunyamaza, taya likalegea. Watu hudhani ana mfupa kooni, wakaingiza mkono kuutoa. Msiingize mkono.

Mkishuka Lyamba lya Mfipa

Nyanda za juu za Ufipa ziko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko mita 800 hivi, na Ziwa Tanganyika karibu mita 770. Kila ukishuka mita 1,000, joto huongezeka takribani nyuzi 6. Kwa hiyo ukitoka Laela ukashuka bondeni kupitia barabara kama ya Ntendo hadi Muze, au ukateremka hadi Kasanga, umeingia nchi nyingine ya hewa, na ya wadudu pia.

Mbu ni wengi kuliko huku juu. Bebeni chandarua hata kama mna hema; hema lenye tundu moja ni nyumba ya mbu. Anayepata homa baada ya safari akapime malaria mapema, na amwambie mhudumu kwamba alikuwa bondeni.

Maporini kuna mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo. Hao huwaletea mifugo ugonjwa wa nagana, na mbwa huupata vibaya: homa, kukonda, macho kuwa na ukungu mweupe. Huweza pia kumletea binadamu malale. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi. Vaeni rangi za udongo au kaki. Mkirudi nyumbani, Simba akionekana mnyonge au macho yamebadilika, mpelekeni kwa bwana mifugo na mtaje mlikokwenda.

Majini kuna mamba, Rukwa na Tanganyika pia. Mbwa anayekunywa maji ukingoni ni windo jepesi, na mtu anayeingia kumwokoa ni la pili. Mnywesheni kwenye bakuli, mbali na ukingo. Ulizeni wavuvi ni wapi watu wanaoga, na msiongeze ujuzi wenu juu ya wao. Kumbukeni pia kichocho: maji yaliyotulia yenye majani ufukweni si ya kuchezea. Ya kunywa yachemsheni.

Usiku: baridi, moto na chui

Kwa watakaobaki huku juu, Juni hadi Agosti usiku una baridi kali. Ardhi inanyonya joto la mwili kuliko hewa. Kwa hiyo kinachowekwa chini ni muhimu kuliko kinachojifunikwa juu: tandikeni nyasi kavu, juu yake turubai, kisha mkeka na blanketi. Bebeni soksi na kofia ya sufu.

Tunasisitiza jambo moja kwa nguvu zote. *Msiingize jiko la mkaa ndani ya hema.* Hata liwe limekolea na halina moshi. Mkaa unaoungua hutoa hewa yenye sumu, kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Hema ni dogo kuliko chumba na hufungwa kabisa kwa zipu. Watu hulala na hawaamki. Atakayesema "dakika tano tu tupate joto" mkatalieni, hata kama ndiye mwenye hema.

Moto wa nje uwashwe mahali palipofyekwa hadi udongo uonekane, hatua kadhaa kutoka kwenye hema na nyasi. Julai na Agosti nyasi ni kavu na upepo wa Ufipa haubembelezwi. Kabla ya kulala mwagieni maji, korogeni majivu, mwagieni tena, kisha wekeni kiganja karibu. Kama bado kuna joto, bado kuna moto. Moto ukiwashinda, namba ya Zimamoto ni 114 na ya Polisi ni 112, lakini mtu wa kwanza kumpigia ni mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu yeye ndiye aliye karibu.

Na Simba alale wapi? Wengi humfunga nje alinde. Mahali penye chui hilo ni kosa, kwa maana chui hupenda sana nyama ya mbwa, na mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia. Alale ndani pamoja nanyi, au kwenye ukumbi mdogo wa hema. Atasikia akiwa humo humo, na atabweka. Kazi yake ni kuwaamsha, si kupigana. Akibweka, washeni tochi, pigeni sufuria, mkae pamoja. Asitoke mtu peke yake kwenda kutazama.

Chakula na usafiri

Mbwa anatosheka na ugali na dagaa waliochemshwa. Msimpe mifupa ya kuku iliyopikwa. Huvunjika vipande vyenye ncha na kuchoma utumbo. Mabaki yoyote yasilale nje. Mifupa ndiyo inayoita fisi.

Kuhusu usafiri, semeni na konda kabla ya siku ya safari. Mabasi mengi hayachukui mbwa kwenye sehemu ya abiria, na siku za sikukuu magari yamejaa. Kumfungia mbwa kwenye buti ya basi kwa saa kadhaa ni kumuua kwa joto. Mkiwa watano, kukodi gari dogo kwa kuchangiana huweza kuwa nafuu kuliko mnavyodhani. Muwe na kamba imara na mkanda wa shingoni unaombana vya kutosha asiuvue.

Na kama ni bora abaki?

Wakati mwingine jibu sahihi ni kumwacha. Kama hana chanjo, kama ni mtoto wa mbwa chini ya miezi minne, kama ni jike aliye kwenye joto, kama ni mkali kwa wageni, au kama safari yenu ni ya hifadhini, Simba abaki nyumbani. Mwachieni mtu anayemfahamu, chakula cha siku zote, na maji. Kumwacha mbwa nyumbani si kumkosea. Kumpeleka pasipofaa ndiko kumkosea, yeye na watu mtakaowakuta.

Kwa ufupi

- Mwezi mmoja kabla: chanjo ya mbwa na kadi yenye tarehe.
- Wiki mbili kabla: chagueni mahali panapomruhusu mbwa; ongeeni na kijiji au ofisi ya TFS.
- Wiki moja kabla: ongeeni na mwenye gari, kagueni hema na zipu zake.
- Siku ya safari: kamba, bakuli, sabuni, dumu la maji, spiriti, chandarua, tochi, simu zilizojaa chaji. Mwachieni mtu mmoja nyumbani maelezo ya mahali mtakapolala na siku ya kurudi, kwa sababu mtandao unaweza kukata.
- Mkifika: salamu kwa viongozi wa kijiji, mbwa kwenye kamba muda wote.
- Akiumwa mtu: dakika 15 za sabuni na maji, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo.
- Mkiondoka: moto umezimwa hadi ubaridi, taka zimebebwa, na asante kwa wenyeji.

Anayefuata haya anaweza kupanga safari yake ya Saba Saba au Nane Nane bila hofu. Pori la Ufipa lina nafasi ya marafiki watano na mbwa mmoja, ilimradi mbwa huyo ameshapita kwa bwana mifugo kabla ya kupita kwenye njia ya watu.